Bisibisi Sikioni

Aliingia saa tisa alasiri, usiku umeshatanda,
maana Januari kule Kemi jua huchungulia tu
kama mdaiwa dirishani, kisha hurudi ndani.
Theluji begani, kofia ya manyoya mkononi,
akasema anaitwa Tauno Ylitalo,
kwamba anatafuta kadi ya michoro,
na kwamba hana haraka.

Mimi nina haraka. Nalipwa kwa kila boksi linalotoka.
Nikamshushia ile ya rafu ya juu kabisa,
yenye taa za zambarau, kijani, waridi,
nikamsomea kasi yake na kumbukumbu yake:
picha mia na arobaini kwa sekunde moja, mzee,
hata kope zako hazipepesi hivyo!

Akaigeuza chali, kama fundi viatu ageuzavyo soli.
"Feni zimefungwa kwa skrubu au kwa gundi?"

Sikujua.
Miaka miwili naziuza, sikujua.

"Kwa gundi," akajijibu. "Feni ikifa, kadi nzima inazikwa nayo."

Miaka thelathini na mmoja alitunza feni
za kiwanda cha karatasi, hadi kilipofungwa,
feni pana kuliko duka letu, na kila moja aliijua kwa sauti.
"Mashine haifi kwa uzee, binti. Hufa kwa joto.
Na kabla haijafa huomba msaada wiki nzima,
ila walio karibu wanakunywa kahawa."

Akatoa kotini bisibisi yenye mpini wa mti,
akaniomba niziwashe tatu, mojamoja, pale mezani.
Ncha kwenye fremu ya chuma, mpini sikioni,
macho kayafumba.
Wateja wawili vijana wakatazamana, wakacheka. Nami nilicheka, kidogo.

Ya kwanza: "Hii inasaga meno."
Ya pili: "Inanong'ona leo. Mwakani itapiga mayowe."
Ya tatu hakusema kitu.
Akala mkate wake mweusi wenye jibini, amesimama,
saa nzima, kadi inazunguka, bisibisi inarudi sikioni,
nami naisikia kamisheni yangu ikipoa.

Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali,
bila taa hata moja, toleo la mwaka juzi.
Mabomba manne ya shaba, mapezi mapana ya alumini,
na kila feni skrubu nne, ndiyo, nilizihesabu.
Kizuri chajiuza, husemwa;
hii ilikuwa imekaa kimya rafuni tangu kiangazi,
boksi lake limeshika vumbi la kuandikika jina.

"Hii ni picha tisini tu," nikamwonya.
"Macho yangu yana miaka sitini na minane.
Tisini zitanitosha, na nyingine zitabaki."

Nikamuuliza anacheza nini.
Akaona haya, mzee mzima.
Huendesha ndege, akasema, usiku, kwenye skrini,
juu ya maziwa yaliyoganda, hadi viwanja vidogo vya kaskazini
ambako hakuna anayemsubiri.
Ndege ya kweli hajawahi kupanda. Anaogopa.

Nikamkabidhi waranti, miaka mitatu.
Akaikunja mara nne, ndogo kama stempu.
"Waranti," akasema, "ni woga wa muuzaji uliopigwa muhuri.
Mimi nataka miaka kumi."
Akalipa taslimu, noti zilizonyooka.

Machi, barafu ya paa inadondoka mlangoni,
nikamwona anaingia. Moyo ukaniruka:
imeungua, anairudisha, meneja atasema nini.
Lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

"Nimekuja kukwambia," akasema,
"hakuna kilichotokea."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Usiku ule nyumbani, kabla sijavua buti,
nikatoa bisibisi ya droo ya jikoni,
nikaiegemeza kwenye friji, nikafumba macho.

Inasaga meno.